Hifadhi ngapi zinatosha kwa safari moja?

Likizo ikikaribia, baadhi ya wazazi wa hapa Babati hupanga kuwapeleka watoto Tarangire, Ziwa Manyara na Ngorongoro, zote kwa siku mbili. Hoja yao: huenda nafasi isipatikane tena.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tunakwenda kutazama au kuhesabu? Qur'an (29:20) inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi Allah (S.W.) alivyoanzisha uumbaji. Kutazama kunataka utulivu. Mtoto aliyepewa saa nzima mbele ya tembo wa Tarangire ataanza kuuliza. Aliyekimbizwa hifadhi tatu atasinzia garini, na hata Swala itaswaliwa kwa papara.

Tena kila lango lina kiingilio chake. Qur'an (25:67) inawasifu wasiofanya israfu wala ubakhili. Basi anayekopa ili asipitwe na jirani, huyo hawatembezi wanawe, anajitembeza mwenyewe. Asiye na uwezo awapeleke Ziwa Babati. Viboko wamo, na Muumba wao ni yule yule.

Hifadhi moja iliyotazamwa vyema, ada ya shule ikiwa salama, inatosha. Wallahu a'lam.