Haki ya Kupaza Sauti

Mtu anayerekodi muziki nyumbani kwake, kwa kompyuta na maikrofoni moja, hukabiliwa na swali ambalo kwa juujuu laonekana ni la fundi tu: wimbo uwe na sauti kubwa kiasi gani? Mimi nalihesabu kuwa swali la maadili.

Sikio letu lina udhaifu. Mchezee mtu rekodi ile ile mara mbili, ya pili ikiwa juu kidogo tu, na aghalabu atasema ya pili ni nzuri zaidi. Hata sababu atazitafuta: eti besi imeshiba, eti mwimbaji ana hisia. Ndipo watayarishaji wakaingia katika mashindano. Lakini rekodi ya kidijitali ina dari, desibeli 0, na vilele vya mawimbi vikiigonga hukatwa. Kwa kuwa dari haisogei, kilichobaki ni kuinua sakafu: hubanwa sauti za juu, kisha hupandishwa zote, hata mnong'ono ukalingana na ukelele. Mwaka 2008 albamu ya Metallica, Death Magnetic, ilitoka imebanwa hivyo mpaka mashabiki wenyewe wakalalamika.

Wako wasemao kwamba kila msikilizaji ana kitufe chake, basi dhuluma iko wapi? Iko hapo hapo. Kitufe humwezesha kupunguza ukubwa; hakimrudishii tofauti. Udi ukianza polepole, halafu fidla zikaingia kwa pamoja, moyo hushtuka kwa sababu ya ule upole uliotangulia. Upole huo ukishafutwa, msikilizaji hana pa kuupata tena.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya abiria wa daladala. Yeye husikiliza katikati ya ngurumo za injini, na utangulizi wa udi haumfikii kabisa. Je, tumnyime? Hasha, kwa ajili yake naona wimbo ubanwe kiasi. Ila kumhurumia msikilizaji na kumshinda mwimbaji mwenzako ni nia mbili mbalimbali, ingawa mkono wazungusha kitufe kile kile.

Siku hizi Spotify na wenziwe hushusha nyimbo zenye makelele zilingane na nyingine, hivyo faida ya kushindana imepungua sana. Hata hivyo wapo wanaobana hadi mwisho, mazoea hayo! Kijana anayeanza akiniuliza, humwambia wakati wa kurekodi aache vilele desibeli 10 au 12 chini ya dari, na akitaka kulinganisha kazi yake na ya mwingine, kwanza azilinganishe kwa ukubwa wa sauti, ndipo asikilize.