Malipo ya Likizo kwa Asiyeahidiwa Kazi

Huko Uingereza upo mkataba ambao tajiri hamwahidi mwajiriwa hata saa moja ya kazi: akimhitaji humwita, asipomhitaji humwacha, wala hamlipi kwa kungoja. Wanavyuoni katika mlango wa ijara hushurutisha kazi na ujira vijulikane. Hapa ujira wa saa wajulikana, kazi haijulikani.

Je, mtu huyu alipwe likizo? Wako wasemao: likizo ni tunda la jasho, basi ipimwe kwa jasho. Kauli hii ina upungufu, kwani mwenye kufungwa na mkataba mwaka mzima hushikwa hata asipoitwa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliangalia mkataba, si jasho. Mwalimu mmoja wa muziki wa Bedford, aliyefundisha nyakati za masomo tu, alistahiki wiki 5.6 kamili kwa wastani wa ujira wa wiki alizofanya kazi, wala si 12.07 katika kila 100 ya mapato yake.

Kisha, kwa miaka ya likizo inayoanza tangu 1 Aprili 2024, sheria iliirudisha ile 12.07, ikahesabiwa kwa saa zilizofanywa. Ni hesabu nyepesi kwa karani, wala haikosi hoja, maana kabla yake mwenye saa chache aliweza kumzidi mwenziwe kwa kila saa. Lakini siku alizoshinda mtu akingoja kuitwa haziingii humo.