JIHADHARINI NA CHACHU
Somo: Luka 12:1-3



Jioni hapa Mantapala, tukiisha kula bukari, mazungumzo yetu mara nyingi ni juu ya wakubwa wa nyumbani. Fulani ameiba. Fulani anakaa kiti cha mbele kanisani, na askari wake hawana mshahara. Lakini Bwana Yesu hakuwaambia wanafunzi wawacheke Mafarisayo. Aliwaambia wajihadhari na chachu yao, yaani unafiki. Mama anayekanda unga wa mandazi anajua: chachu ni kidogo, ukishaichanganya huioni tena, lakini asubuhi donge zima limeumuka.

Wazee wenzangu wanakumbuka Zaire. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kizungu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina kama hilo alitishiwa kifungo cha miaka 5. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Sese Seko. Suti na tai vikakataliwa, wanaume wakavaa abacost, ili tuwe Waafrika wa kweli. Mwaka 1974 hata Krismasi iliondolewa katika sikukuu za serikali. Lakini abacost za mkubwa zilishonwa Ubelgiji, na nyumba yake ya kupumzikia ilikuwa kando ya bahari, Ufaransa.

Novemba 1977 alisimama mbele ya taifa akalalamika kwamba katika nchi yetu kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Neno lile lilikuwa la kweli. Aliyelisema ndiye yule aliyejijengea majumba ya marumaru Gbadolite, pamoja na uwanja wa kutua ndege ya Concorde, huku walimu wakingoja mishahara.

Wapendwa, chachu ile haikubaki Gbadolite. Mwalimu akauza maksi. Askari akauza njia. Karani akauza karatasi. Kila mmoja alisema, "Mkubwa anakula, mimi ni nani nisile?" Mobutu alikimbia Mei 1997, akafa ugenini, Rabat, Septemba mwaka ule ule. Chachu ilibaki ndani yetu.

Sasa nianze na mimi. Kila mwaka serikali ya Zambia inafunga uvuvi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wa Mweru wazae. Jumapili moja ya Januari nilifundisha Warumi 13, kwamba Mkristo atii mamlaka. Jioni ile nilikula samaki mbichi aliyeletwa chini ya gunia la mihogo. Mtoto wangu akauliza, "Baba, ziwa limefunguliwa?" Nikamwambia ale, anyamaze. Usiku sikulala. Nilikuwa nimemfundisha mtoto sheria kwa kinywa, na wizi kwa sahani. Asubuhi nilimwita, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake.

Ndugu, wewe je? Uko kwenye kamati, jina la mjane limeandikwa mahali pake, au la shemeji yako limetangulia? Unamkemea kijana kwa ulevi, na chupa yako iko wapi?

Mungu akiturudisha Pweto, Moba au Manono, siku moja tutapiga kura. Atakuja mtu anayelitaja jina la Bwana kwa sauti kubwa. Msisikilize kinywa tu. Paulo anatufundisha katika 1 Timotheo 3 kutazama nyumba ya mtu: mke wake, watoto wake, sifa yake kwa majirani. Asiyetunza nyumba yake ndogo hatatunza nchi. Wala tusiwatukane wakubwa, tunaagizwa kuwaombea.

Tuombe: Bwana, ondoa chachu hii, ukianzia nyumbani mwangu. Uwape wakubwa wetu hofu yako. Watoto wetu waone kwetu yale wanayoyasikia kwetu. Amina.