Aliyeshika Usukani Hatapiki

Umewahi kujiuliza, ndugu msomaji, kwa nini dereva wa basi hatapiki? Barabara ni ileile, kona ni zilezile, harufu ya dizeli ni ileile. Huku nyuma mama amejiinamia na mfuko wake, mtoto amelegea kama mchicha wa jana, na yule kijana aliyekuwa akijidai mjanja pale stendi amenyamaza ghafla, jasho jembamba linamtoka. Yeye dereva anatafuna karanga na kupiga mluzi!

Swali hili lilinijia ndani ya Costa, tukitoka Tunduma kwenda Mbeya. Wenye kuijua njia hiyo wanaelewa. Tunduma, Vwawa, Mlowo, yote hayo ni nchi ya juu, nchi ya mahindi na kahawa. Halafu unafika Senjele, na nchi inainama. Barabara inashuka kuelekea bonde la mto Songwe, nawe unashuka pamoja na malori marefu yaliyovuka mpaka kutoka Zambia, yamelemewa mizigo, breki zinanuka. Senjele ina sifa mbaya. Watu wamekufia pale, na si mara moja.

Dereva wetu akaiachia gari. Lori la kwanza tukalipita, la pili tukalipita kwenye kona. Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu akapaza sauti: "Mwanangu, punguza mwendo. Sisi wengine tuna wajukuu nyumbani."

Konda akageuka. "Bibi, kama unaogopa si ungepanda bajaji?"

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka, huku vidole vyangu vimeng'ang'ania chuma cha siti ya mbele. Tulifika salama. Pale stendi konda akamsaidia bibi kushusha kapu lake, akamwambia kwa upole kabisa: "Umeona sasa? Umefika mzima."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Je, kufika mzima kulithibitisha kwamba bibi aliogopa bure?

Hebu tuanze na tumbo, maana watu hulichanganya tumbo na moyo. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu midogo iliyopinda, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yale hubaki nyuma kidogo, na ubongo unapata habari kwamba tunakwenda. Sasa wewe umekaa ndani ya gari, macho yako yako kwenye simu au kwenye kisogo cha aliye mbele yako. Macho yanasema: tumetulia. Masikio yanasema: tunapinda! Ubongo unapokea mashahidi wawili wanaopingana, na wewe unaanza kutafuta mfuko.

Mwaka 1882 mwanafalsafa wa Marekani, William James, aliandika kuhusu jambo la ajabu: viziwi wengi aliowachunguza hawakupata kizunguzungu hata wakizungushwa. Masikio yao ya ndani hayakupeleka habari, basi hakukuwa na ugomvi. Kwa hiyo kichefuchefu si woga, wala si ushamba. Charles Darwin aliteswa na bahari katika safari yake ya merikebu Beagle, tangu 1831 hadi 1836, na hakuna anayemwita mshamba. Anayetapika ndani ya basi hana la kuona haya. Tumbo lake limesikiliza mashahidi wote wawili, basi.

Na dereva? Yeye anaijua kona kabla haijaja. Mikono yake ndiyo inayoileta. Macho yake yako mbele, kichwa chake kinaegemea kona ingali mbali, wakati vichwa vyetu sisi abiria vinatupwa kama vibuyu. Mwili wake haushtukizwi. Ndiyo sababu ushauri wa wazee ni kukaa mbele na kutazama mbali: ni kuazima macho ya dereva. Aliyeshika usukani hatapiki kwa sababu yeye ndiye anayejua kinachofuata. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye hofu, maana kuna hofu inayonunuliwa. Nenda Unguja sikukuu ya Idi, uone watoto wanavyopanga foleni kwa ajili ya pembea, senti za sikukuu zimefumbatwa mkononi. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, uone watu wazima wanavyopiga makelele kwenye mteremko wa maji. Biashara hii si ya leo. Mwaka 1884, pale Coney Island, New York, LaMarcus Thompson alifungua kigari chake cha kupanda na kushuka vilima vya mbao. Kilikwenda kama kilomita kumi kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka, na watu walitoa senti tano kila mmoja ili watishwe. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, kikafunguliwa kingine, Formula Rossa, kinachofika kilomita 240 kwa saa. Abiria wake huvaa miwani kuzuia mchanga na wadudu machoni.

Kwa nini mtu anunue hofu? Edmund Burke aliandika mwaka 1757 kwamba kitisho huleta raha pale tu hatari inapokuwa na umbali nasi, isitubane sana. Naona alisema kweli. Kwenye bembea umekubaliana na moyo wako: niogope dakika mbili, halafu nishuke nicheke. Chuma kimekushika kifuani. Njia ni ya reli, haina lori linalokuja mbele. Mwili unapiga kelele "tunakufa!", akili inajibu "hatufi", na katika ubishi huo ndimo utamu ulimo. Mtu akikuambia pale "acha woga", hana kosa. Woga wenyewe umeulipia.

Lakini Senjele si bembea! Hapo ndipo sisi vijana tunapopotoka. Tumechukua sheria za bembea tukazipandisha kwenye basi. Dereva anayekimbia tunamwita fundi, suka kamili. Anayelalamika tunamcheka. Nyuma ya gari pameandikwa kwa rangi nyekundu: WOGA WAKO NDIO UMASKINI WAKO. Wahenga nao walituachia jingine: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mbona hilo halipakwi rangi kwenye basi?

Tofauti ni hii. Hofu ya kwenye bembea ni mchezo wa mwili, na akili inaujua. Hofu ya yule bibi ilikuwa kazi ya akili. Aliona kona, aliona lori, aliona mwendo, akatoa hukumu. Hakununua hofu ile. Alinunua safari ya kwenda Mbeya, na hofu akaongezewa bila kuulizwa. Wala hakuwa na mahali pa kushukia. Kumwambia "ungepanda bajaji" ni kumtaka mtu alipe nauli na roho pia.

Aristotle, Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba ushujaa hukaa katikati: upande huu kuna mwoga, upande ule kuna asiyejali. Asiyeogopa kitu chochote, alisema, wala tetemeko wala mawimbi, huyo ama ni kichaa ama hasikii maumivu. Shujaa anaogopa yanayostahili kuogopwa, kwa kiasi kinachostahili. Kwa kipimo hicho, nani alikuwa shujaa ndani ya Costa ile? Bibi aliogopa kinachostahili kuogopwa, akasema, akachekwa, na hakuyaondoa maneno yake. Mimi niliogopa kilekile alichokiogopa, kisha nikamcheka. Msomaji, nipe jina langu mwenyewe.

"Umefika mzima." Haya, tulijibu sasa. Mtu akivuka barabara amefumba macho na akafika ng'ambo, je, amethibitisha kwamba macho hayana kazi? La hasha! Amethibitisha tu kwamba siku hiyo gari halikupita. Bahati haiwezi kuwa shahidi dhidi ya hofu yenye akili. Na ubaya wa bahati ni kwamba inafundisha: kila anapofika mzima, dereva anaongeza kidogo, na abiria wananyamaza zaidi. Sheria inasema basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, lakini polisi hayupo kwenye kila kona. Abiria wapo.

Na hapa narudi kwenye usukani. Kitu kilekile kinachomponya dereva na kichefuchefu ndicho kinachompoteza. Kwa kuwa yeye ndiye anayeleta kona, anadhani kona inamtii. Mwili wake haumwonyi, kwani haushtukizwi. Sisi wa nyuma tunatupwa huku na huku, basi tunajua kitu asichokijua yeye: uzito wa mwendo wake. Kumbe kilio cha abiria si dharau kwa dereva. Ni kipande cha habari ambacho mikono yake imemnyima. Dereva mwema si yule asiyeogopa, ni yule anayewasikiliza wanaoogopa kwa niaba yake.

Usukani uko wa aina nyingi, nanyi waandishi wenzangu mnaelewa. Kuna usukani wa nyumba, wa darasa, wa ofisi, wa nchi. Aliyeushika hushangaa kila mara: "Mbona hawa wanalalamika? Mimi nasikia raha tu!" Ni kweli, anasikia raha. Kona anaijua yeye.

Nimeshapita Senjele mara nyingi tangu siku ile. Nimekuwa nikijizoeza sentensi moja, fupi kiasi kwamba haihitaji ushujaa mkubwa: "Dereva, punguza mwendo." Mara ya kwanza sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Konda akageuka, abiria wawili wakaanza kucheka. Kisha baba mmoja siti ya nyuma akasema, "Kweli, punguza," na mama mwingine akaitikia.

Dereva alipunguza. Bibi wa watu hakuwamo.