Jumamosi Zilizofufua Meli

Bandu bandu huisha gogo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kukaa hadi tukaliona gogo lenyewe likiisha? Leo nakuonesha gogo moja. Ni meli ya chuma, imeliwa na kutu, nayo imefikishwa mto Medway, kusini mashariki mwa Uingereza, mwaka 1971. Jina lake Kingswear Castle. Walioizunguka hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wenye kazi zao za Jumatatu hadi Ijumaa, waliokuja kwa hiari, bila mshahara, wakiwa na nyundo mkononi.

Meli hiyo haikuwa zao la Medway. Ilijengwa mwaka 1924 na kampuni ya Philip and Son mjini Dartmouth, kwa ajili ya mto Dart, ambao maji yake hujaa na kupwa kama ya bahari yetu. Haikuwa na rafadha mkiani. Ilisukumwa na magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu, yenye vibao vinavyopiga maji kwa zamu, na moto wake ulikokwa kwa makaa ya mawe. Injini yake ilikuwa kongwe kuliko meli yenyewe: iliundwa mwaka 1904 kwa meli nyingine yenye jina hilohilo, na ile ilipochoka mafundi wakaitoa injini na kuitia katika mwili mpya. Angalia hekima hiyo. Waliojua thamani ya kitu hawakukitupa. Walikitafutia maisha ya pili.

Kwa miaka mingi ilipanda na kushuka kati ya Dartmouth na Totnes ikiwa na abiria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumiwa na jeshi la majini la Marekani kubebea watu na shehena pale Dartmouth. Mwaka 1965 safari zake zikakoma. Mvuke ulikuwa umeshapitwa na wakati. Boti za dizeli zilitaka watu wachache na gharama ndogo. Kilichofuata kwa meli nyingi za aina yake kilikuwa moto wa wakata vyuma.

Hapo ndipo wakatokea watu waliosema hapana. Chama cha wapenzi wa meli za magurudumu, kilichoanzishwa mwaka 1959, kiliinunua mwaka 1967 kwa pauni 600. Ningeweza kuishia hapo na kukuambia kwamba meli iliokolewa, lakini nitakuwa nimekudanganya. Kununua ni kazi ya siku moja. Kwa miaka minne iliyofuata meli ilikaa kisiwani Wight, na hali yake ikazidi kuharibika. Ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na hati, ilikuwa na watu wanaoipenda kwa maneno. Kutu haijali hati.

Mabadiliko yalikuja ilipovutwa hadi Medway mwaka 1971, mahali ambapo watu wachache wangeweza kuifikia kila mwisho wa wiki. Na kazi yenyewe ilikuwaje? Shika nyundo ndogo yenye ncha bapa kama patasi. Gonga. Kutu hubanduka magamba kwa magamba, na vumbi lake jekundu hukuingia puani na kwenye mikunjo ya viganja. Unagonga hadi chuma kitoe mlio mkavu, mlio wa chuma kizima. Pengine nyundo hupenya, ukajua kwamba bamba hilo limekwisha na sharti likatwe na kubadilishwa. Ukifika kwenye chuma safi, unapiga brashi ya waya, kisha unapaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana chuma kikilala wazi usiku mmoja kwenye unyevunyevu wa mto, kitaamka na wekundu mpya. Jua linapozama, unatazama nyuma: umesafisha eneo la msala mmoja. Mbele yako kuna meli nzima.

Ndugu msomaji, wengi wetu huacha hapohapo. Si uvivu unaotushinda, bali hesabu. Tunapima msala mmoja dhidi ya meli nzima, moyo unavunjika, tunakwenda nyumbani, hatuonekani tena. Watu wa Medway walipiga hesabu nyingine: Jumamosi hii msala mmoja, Jumamosi ijayo msala mmoja. Walifanya hivyo kwa miaka 12. Mtoto aliyezaliwa wakati meli inafika Medway alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi kabla moto haujawashwa tena.

Lakini uliwashwa. Mwaka 1983 makaa yaliingia tanurini, maji yakachemka, mvuke ukapanda, na injini ya mwaka 1904 ikazunguka tena. Mwaka 1985 meli ilianza rasmi kubeba abiria, na kwa zaidi ya miaka 25 ikafanya kazi huko Medway. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilirudishwa kwao, na mwaka 2013 ikaanza tena kubeba watu kwenye mto Dart, mto uleule iliojengewa.

Usidhani kwamba ingeokoka kwa vyovyote vile. Kwenye mto Medina, palepale kisiwani Wight ilipokaa Kingswear Castle, iliachwa meli nyingine ya magurudumu iitwayo Ryde. Hiyo ilijengwa mwaka 1937, ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, na ilihudumu vitani. Ilistaafu mwaka 1969, ikageuzwa ukumbi wa starehe, kisha ikaachwa. Mwaka 2006 dohani lake lilianguka, na mwili wake ukaendelea kuozea kwenye tope. Sifa ilikuwa nazo na wapenzi ilikuwa nao. Ilichokosa ni mkono wa kurudi kila wiki, tangu mapema, kabla gharama haijazidi uwezo.

Nasi Waswahili tunayo meli ya kutufundisha somo hilihili, tena mwaka wake mmoja unagongana na ule wa Dartmouth. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Fikiria: watu walioshindwa, wanaokimbia, bado wanapata muda wa kupaka grisi injini inayokwenda chini ya maji. Iliinuliwa mwaka 1924, mwaka uleule Kingswear Castle ilipojengwa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Kwa takriban miaka 90 ikawabeba watu wa Ziwa Tanganyika na magunia yao na dagaa wao. Safari zote hizo zina deni kwa tambara la grisi.

Sasa nakurudia wewe. Huna meli ya mvuke, najua. Lakini unacho kitu mtaani kwako kinachoozea mbele ya macho yako: maktaba ya shule yenye paa linalovuja, kisima kilichojengwa na wazee, mlango wa nakshi unaoliwa na mchwa, jahazi lililoegeshwa ufukweni kwa kukosa mtu wa kulikalafati. Kila mkipita mnasema, "Serikali ingefanya kitu." Labda itafanya, na ni haki yenu kudai. Lakini kutu na mchwa havisubiri kikao.

Usingoje fedha zitimie. Usingoje utaalamu pia, kwa sababu utaalamu wa kazi ya mikono hupatikana kazini, ukiwa umesimama karibu na mzee anayejua. Anzeni watatu. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja isiyobadilika. Gawaneni kazi ndogo inayoisha siku hiyohiyo. Mkimaliza, funikeni mlichokifanya kisiharibike, kama wale walivyopaka rangi kabla ya giza. Kisha, na hapa ndipo penye kazi yote, rudini wiki inayofuata. Mvua ikinyesha, rudini. Wakiwacheka, rudini. Mwenzenu mmoja akichoka, rudini wawili mkamlindie nafasi yake.

Kingswear Castle iko mtoni leo kwa sababu kuna watu waliorudi. Jumamosi hii nenda. Jumamosi ijayo, rudi.