Deni la Asiyezaliwa

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii hutajwa zaidi juu ya mtu anayekopa kwa ajili ya nyumba yake. Lakini serikali nazo hukopa, na hapo methali huongezeka uzito, kwa kuwa katika mikopo ya nchi anayecheza harusi na anayekaa matanga huenda wasiwe mtu mmoja.

Fikiri jambo hili, msomaji. Tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi maskini liliundwa mwaka 1960. Katika miaka yake ya mwanzo lilikopesha kwa muda wa miaka 50, bila riba ila ada ndogo, na kwa miaka 10 ya kwanza mkopaji hakudaiwa kurudisha sehemu yoyote ya fedha alizochukua. Masharti hayo yalikuwa mepesi. Hata hivyo, waziri aliyetia sahihi mkataba wa namna hiyo mwaka 1965 aliwafunga watu wake mpaka mwaka 2015, na wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Je, ni haki kumfunga kwa ahadi mtu ambaye hakuulizwa?

Wako wasemao kuwa si haki kabisa, na kwamba kila kizazi kile jasho lake. Rai hii ina unyofu, lakini haitoshi. Barabara na bwawa la umeme havifi pamoja na wajenzi wake. Mtoto wa kesho atavitumia, na si dhuluma achangie gharama ya kitu kinachomfaa. Tena, kizazi kinachoogopa kila mkopo huenda kikamrithisha mtoto umaskini, nao ni mzigo mzito kuliko deni. Dhuluma ni kumwachia deni bila ya kumwachia kitu.

Mifano miwili ya nchini kwetu yatosha kupimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kwa msaada wa Norway. Nia ilikuwa njema na mafundi walikuwa hodari. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme na maji safi kuliko yaliyopatikana, na wengi wa wenyeji walikuwa wafugaji. Kiwanda kilifanya kazi siku chache kikanyamaza. Lau fedha zile zingalikuwa za mkopo, wajukuu wa wafugaji wale wangalilipia kuta tupu.

Tazama sasa chai. Mwaka 1964 iliundwa Halmashauri ya Ustawi wa Chai ya Kenya kwa ajili ya wakulima wadogo, nayo ikasaidiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la maendeleo la Uingereza. Fedha zilijenga viwanda na vituo vya kupokea majani. Maafisa wa kilimo walimfundisha mkulima kupanda, kupogoa na kuchuma. Mkulima alikatwa sehemu ya bei ya majani yake, akijua analipia nini. Malalamiko hayakukosekana, na hata leo yapo. Lakini mwaka 2000 halmashauri iligeuzwa kampuni ya wakulima kwa njia ya viwanda vyao, na ujuzi ulibaki mashambani wataalamu wa kwanza walipokwisha kwenda zao.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mtaalamu wa kigeni ni mgeni, na jembe lake ni kufundisha. Akijenga asifundishe, mashine ikiharibika atakopewa fedha nyingine ili aitwe tena.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yaagiza kwamba mizigo na faida za mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha leo na vizazi vijavyo. Agizo hili ni jema, lakini linahitaji watu wa kulitimiza. Huenda siku moja wewe, msomaji, ukawa karani, mhandisi au mbunge, ukaketi mahali mkataba unapoandikwa. Asiyezaliwa hatakuwa na kiti pale. Uliza kwa niaba yake: nani atatumia kitu hiki, nani atajua kukitengeneza, na nani atalipa? Usipopata jibu, usitie sahihi.