Kadari Haitufumbi Macho

Asiyetajwa na mtu akitenda jambo kubwa, jibu huwa tunalo mdomoni: Mungu si Athumani. Jibu hilo lina unyenyekevu, lakini lina uvivu pia, maana linatuondolea swali la kwa nini hatukumwona mapema. Nashikilia kwamba jambo kutotarajiwa si sifa ya tendo lenyewe wala ya aliyelitenda. Ni habari yetu sisi watazamaji, na kumtwika Mungu uzembe wetu wa kutazama si uchaji.

Ushahidi uko jirani na Kibamba, Dar es Salaam. Atokaye Kimara kwenda Kibaha kwa Barabara ya Morogoro hupita Kibamba, na huku na huku, Kimara na Mkuza, zipo shule zenye jina la mkimbiaji Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, mzaliwa huyo wa Karatu, akiwa na miaka 20, aliongoza fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun ya 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. John Walker, mwenyeji aliyemfukuzia hadi mwisho, alipata 3:32.52, naye aliipita rekodi ya Ryun, lakini akawa wa pili. Wengi walistaajabu, ingawa dalili zilikuwapo. Ni kweli kwamba katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 Bayi aliishia kwenye mchujo, lakini Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Matokeo hayo hayakufichwa. Yalipimwa tu kwa kanuni iliyozoeleka kwamba anayetoka kasi mapema hujimaliza, na kanuni ikaaminiwa kuliko miguu ya mkimbiaji.

Mcha Mungu anaweza kunipinga kwa sura ya 9 ya kitabu cha Mhubiri, inayofundisha kuwa wepesi wa miguu peke yake haumpi mtu ushindi. Mwislamu naye atanikumbusha kuwa kuamini kadari ni nguzo ya imani. Nayakubali yote mawili, na maisha ya Bayi yanayathibitisha. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia, na medali ya dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa Walker. Hata hivyo, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alikuwa amevunja pia rekodi ya dunia ya maili, kwa 3:51.0. Mtu hasukumwi na bahati tupu hadi rekodi mbili katika viwanja viwili vilivyo mbali hivyo. Kadari ilimnyima taji; uwezo wake ulibaki palepale. Basi tukisema Mungu ndiye mpaji, tuseme pia kwamba alikuwa ameshatoa kabla sisi hatujashangaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwa kila Bayi mmoja wapo maelfu waliopuuzwa ambao hawatavunja rekodi yoyote, hata wakipewa uwanja, viatu na mwalimu. Je, si kuwadanganya kuwaambia kwamba ndani yao umo ubingwa? Ni kuwadanganya kweli, na ndiyo maana hoja yangu haisimami juu ya ubingwa. Nikimheshimu kijana kwa kuwa huenda kesho akawa bingwa, nimeiheshimu medali yake ya kesho, yeye mwenyewe nimemruka, na asipoipata nitamtupa. Katika Biblia, nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, hakukaripiwa kwa kushindwa kutabiri ushindi wa Daudi. Alikaripiwa kwa kupima watu kwa sura na kimo. Wajibu wa kumtazama mtu kwa haki unatangulia matokeo yake, kwa kuwa utu wake unayatangulia.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo, imamu, mchungaji na mzazi wa Kibamba hawadaiwi utabiri. Wanadaiwa kumpa kila kijana nafasi ya kujaribiwa, kuyasoma matokeo yake jinsi yalivyo hata yanapokataa kanuni zao, na kuendelea kumthamini atakapokuwa wa mwisho. Tumshukuru Mungu kwa kila ushindi tusioutarajia, lakini tusimshukuru kwa namna ya kujisamehe. Aliyemdharau mtu jana, leo anadaiwa toba kabla ya kupiga makofi.